Maswali ya Wasomaji: Ukoo wa Percy na Mabinti Waliolibeba Jina

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu ngome ya Alnwick, iliyoko katika kaunti ya Northumberland, kaskazini kabisa mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Uskoti. Makala hiyo iliwataja wenye ngome, yaani ukoo wa Percy, kwa aya moja tu, na wasomaji wametuandikia wakitaka kujua zaidi. Tumechagua barua tano.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu kimoja nimesoma kwamba ukoo wa Percy unamiliki Alnwick tangu mwaka 1309, na kwamba Duke wa Northumberland anayeishi humo leo ni wa ukoo huohuo. Katika kitabu kingine nimesoma kwamba ukoo huo ulikatika mwaka 1670. Waandishi wote wawili ni wataalamu. Nishike kipi?

JIBU: Ndugu msomaji, shika vyote viwili, ila ujue kwamba kila mwandishi anahesabu ukoo kwa njia yake. Yule wa pili anahesabu kwa upande wa baba peke yake, kutoka baba hadi mwana wa kiume, na kwa hesabu hiyo hakukosea. Lakini mimi naamini kwamba historia ya akina Percy haieleweki kabisa iwapo mabinti wataachwa pembeni, kwa sababu jina hilo limekaribia kufa zaidi ya mara moja, na kila mara aliyeliokoa alikuwa mwanamke.

Tuanzie mwanzo. William de Percy alikuwa Mnormandi, na jina lake linatokana na kijiji cha Percy huko Normandia. Alivuka bahari baada ya William Mshindi kuiteka Uingereza mwaka 1066, akapewa mashamba mengi katika kaunti za Yorkshire na Lincolnshire. Baadaye alijiunga na Vita vya Msalaba vya kwanza na kufia karibu na Yerusalemu. Uzao wake wa kiume ulikatika katika karne ya 12, urithi ukabaki mikononi mwa mabinti, na mmoja wao, Agnes, akaolewa na Joscelin wa Louvain, ndugu wa Malkia Adeliza ambaye alikuwa mke wa pili wa Mfalme Henry I. Joscelin alikuwa na nasaba kubwa kuliko ya mkewe, lakini ardhi ilikuwa ya mke, na watoto wao wakaendelea na jina la mama. Kwa hiyo akina Percy wote tunaowasoma katika vita vya karne ya 14 na ya 15, wale ambao watu huwaita Percy halisi, tayari walikuwa Percy kwa upande wa mwanamke.

Mjukuu wa uzao huo, Henry de Percy, ndiye aliyeinunua Alnwick mwaka 1309 kutoka kwa Antony Bek, Askofu wa Durham. Ununuzi huo uliwafanya kuwa walinzi wa mpaka dhidi ya Waskoti, kazi iliyowapa askari wengi kuliko walivyoruhusiwa kabaila wengine, na mwaka 1377, siku ya kutawazwa kwa Richard II, mkuu wa ukoo alipewa cheo cha Earl wa Northumberland. Katika ngazi za ukabaila wa Kiingereza Earl yuko chini ya Duke na Marquess, lakini huko kaskazini hapakuwa na mtu aliyemzidi.

Sasa tufike mwaka 1670. Earl wa 11, Josceline Percy, alifariki mjini Turin, Italia, akiwa bado kijana, na mtoto pekee aliyemwacha hai alikuwa binti wa miaka mitatu, Elizabeth. Cheo cha Earl kilirithiwa na wanaume tu, kwa hiyo kikafa pamoja na baba. Fundi mmoja wa makasha kutoka Dublin, James Percy, alijitokeza kudai kwamba yeye ndiye mrithi wa kiume, akashikilia dai lake kwa karibu miaka ishirini, hata mwaka 1689 Bunge la Malodi likaamuru apitishwe katika ukumbi wa Westminster akiwa na karatasi kifuani iliyomtangaza kuwa mdai wa uongo. Ardhi, hata hivyo, ilikuwa na utaratibu mwingine. Alnwick, kasri la Petworth huko Sussex na nyumba ya Syon kando ya mto Thames vyote vilimwangukia yule mtoto wa miaka mitatu.

Hapo ndipo masaibu yake yalipoanza. Elizabeth aliozwa mara tatu kabla hajatimiza miaka 16. Mume wa kwanza, aliyemwoa mwaka 1679, alifariki mwaka uliofuata. Wa pili alikuwa Thomas Thynne, tajiri wa Longleat, ambaye binti alimkimbia na kwenda Uholanzi. Februari 1682, Thynne akiwa ndani ya gari lake la farasi katika mtaa wa Pall Mall, London, alipigwa risasi na watu waliokuwa wakimtumikia Königsmarck, kabaila wa Kiswidi aliyemtaka Elizabeth. Watu watatu walinyongwa kwa mauaji hayo, lakini bwana wao aliachiwa huru na mahakama. Anayetembelea kanisa la Westminster Abbey leo anaweza kuliona tukio lenyewe, kwa maana limechongwa katika marumaru kwenye kaburi la Thynne, gari la farasi likiwa limesimamishwa barabarani na muuaji akimlenga aliyemo ndani. Miezi michache baadaye mjane huyo wa miaka 15 akaolewa na Charles Seymour, Duke wa Somerset. Nasikitika kila ninaposoma habari zake, kwa kuwa mara nyingi hutajwa kwa majina ya waume na kwa hesabu ya mashamba, na ni nadra kukumbukwa kwamba huyu alikuwa mtoto ambaye watu wazima walimgombania kama hati ya kiwanja.

Mkataba wa ndoa hiyo ulimtaka Duke ajiite Percy. Elizabeth alipofikia utu uzima alimwondolea sharti hilo, na jina likalala kwa kizazi kizima. Mwana wao, Algernon Seymour, alifiwa na mwanawe wa pekee mwaka 1744, akabaki na binti, naye pia aliitwa Elizabeth. Binti huyu alikuwa ameolewa mwaka 1740 na Hugh Smithson wa Yorkshire, ambaye utajiri wa wazee wake ulianzia katika biashara mjini London. Mwaka 1750 Smithson akaliacha jina la baba zake kwa idhini ya Bunge na kuwa Percy, na mwaka 1766 akafanywa Duke wa Northumberland. Madyuki wote waliofuata, hadi huyu wa 12 wa leo, ni uzao wa ndoa hiyo. Damu ya Agnes na ya Elizabeth wote wawili imo ndani yao. Ndiyo maana nimekuambia kwamba vitabu vyako vyote viwili vina haki.

SWALI: Akina Percy ndio waliomsaidia Henry IV kutwaa kiti cha enzi mwaka 1399. Kwa nini miaka minne tu baadaye walimpiga vita? Na je, ni kweli kwamba Hotspur na Mwanamfalme Henry walikuwa rika moja, kama tamthilia ya Shakespeare inavyoonyesha?

JIBU: Nianze na swali dogo. Henry Percy, mwana wa Earl wa kwanza, ambaye Waskoti walimpachika jina la Hotspur, yaani chuma cha moto kinachofungwa kisiginoni mwa mpanda farasi ili kumchochea mnyama, alizaliwa mwaka 1364. Mwanamfalme Henry alizaliwa mwaka 1386. Hotspur aliweza kabisa kuwa baba yake, na kwa kweli alimzidi umri hata mfalme, aliyezaliwa mwaka 1367. Shakespeare aliwafanya vijana wa rika moja ili mmoja awe kioo cha mwenzake jukwaani, na kwa tamthilia uamuzi huo ulikuwa mzuri, ila msomaji wa historia hana budi kuuweka kando.

Ama kuhusu uasi, sababu ya kwanza ilikuwa fedha. Kulinda mpaka wa Uskoti kulihitaji mishahara ya askari kila mwezi, na hazina ya mfalme mpya ilikuwa tupu, kwa hiyo Earl na mwanawe walilipa kwa mifuko yao na kuandika barua za kudai zisizojibiwa kwa fedha. Kisha, tarehe 14 Septemba 1402, wapiga upinde wa Percy waliwashinda Waskoti huko Homildon Hill na kuwateka makabaila wengi, akiwemo Archibald Douglas. Kwa desturi ya vita ya wakati ule mateka alikuwa mali ya aliyemkamata, na fidia iliyolipwa na jamaa zake ndiyo iliyomrudishia mshindi gharama zake. Mfalme akaagiza mateka wasikombolewe bila idhini yake. Hotspur alikataa kumtoa Douglas.

Jeraha la tatu lilikuwa la kifamilia, na nadhani ndilo lililouma zaidi. Mke wa Hotspur alikuwa Elizabeth Mortimer. Kaka yake, Edmund Mortimer, alikuwa ametekwa na Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wales, na mfalme hakutaka alipiwe fidia. Sababu yake haikuwa siri: mpwa wa Edmund, kijana aliyeitwa Edmund vilevile, alikuwa na haki ya kiti cha enzi ambayo wengi waliiona kuwa na nguvu kuliko ya Henry mwenyewe. Edmund akaona ameachwa, akamwoa binti wa Glyndŵr na kuhamia upande wake. Hotspur akajikuta shemeji yake ni adui wa mfalme, mateka wake wanadaiwa na mfalme, na mishahara ya askari wake haijalipwa na mfalme huyohuyo.

Walikutana karibu na Shrewsbury tarehe 21 Julai 1403, Earl mwenyewe akiwa bado hajafika na jeshi lake. Pande zote mbili zilikuwa na wapiga upinde wa Kiingereza, jambo lililofanya mauaji kuwa makubwa mno. Mwanamfalme Henry, mwenye miaka 16, alichomwa mshale usoni, na ncha yake ikabaki ndani ya mfupa hadi mganga John Bradmore alipoitoa kwa chombo alichokibuni kwa kazi hiyo. Hotspur aliuawa. Alizikwa, lakini uvumi ulipoenea kwamba yu hai, mwili ulifukuliwa na kusimamishwa Shrewsbury ili kila mtu aone, kisha kichwa kikapelekwa York na kutundikwa juu ya lango la mji. Mnamo Novemba mfalme aliagiza mabaki yakabidhiwe kwa mjane. Barua za serikali hazisemi Elizabeth Mortimer aliyapokeaje.

SWALI: Ni kweli kwamba wakuu wengi wa ukoo huu hawakufa kifo cha kawaida? Na katikati ya misukosuko hiyo yote, nyumbani kwao waliishije?

JIBU: Katika wanane wa mwanzo waliokuwa na cheo cha Earl, wawili tu, wa tano na wa sita, ndio waliokufa kifo cha kawaida. Wa kwanza aliuawa vitani Bramham Moor mwaka 1408, wa pili St Albans mwaka 1455 na wa tatu Towton mwaka 1461, hawa wawili katika Vita vya Mawaridi baina ya nyumba za Lancaster na York. Wa nne alisimama na jeshi lake pale Bosworth mwaka 1485 bila kumpigania Richard III, na miaka minne baadaye aliuawa na umati uliokasirishwa na kodi, karibu na Thirsk. Wa saba aliongoza uasi wa Wakatoliki wa kaskazini mwaka 1569, akakimbilia Uskoti, Waskoti wakamuuza kwa Malkia Elizabeth I kwa pauni 2,000, akakatwa kichwa York mwaka 1572. Papa Leo XIII alimtangaza mwenye heri mwaka 1895. Wa nane alikutwa amekufa kwa risasi katika Mnara wa London mwaka 1585. Serikali ilisema alijiua, na wengi hawakuamini.

Kuhusu maisha ya nyumbani, tuna bahati isiyo ya kawaida. Earl wa tano, aliyependa fahari na utaratibu kwa kiasi kilekile, aliagiza kuanzia mwaka 1512 kuandikwe daftari la matumizi ya nyumba zake za Wressle na Leconfield huko Yorkshire. Daftari linahesabu watu 166 waliokula nyumbani kwake kila siku, na kumpangia kila mmoja chakula chake. Kifungua kinywa cha bwana na bibi kilikuwa mkate mmoja mkubwa uliokatwa vipande, mikate miwili midogo ya unga mweupe, kiasi cha lita moja ya bia na nyingine ya divai, pamoja na nusu ya nyama ya mgongo wa kondoo, au sivyo nyama ya ng'ombe ya kuchemsha. Wakati wa Kwaresima nyama iliondolewa, badala yake wakawekewa vipande viwili vya samaki wa chumvi, heringi sita waliokaushwa na heringi wanne weupe, au sahani ya dagaa. Bia na divai hazikuguswa na mfungo.

Mimi hulipenda daftari hilo kuliko masimulizi yote ya vita. Mtu ambaye baba yake aliuawa na umati, na ambaye babu zake watatu mfululizo waliangukia vitani, anakaa na kuandika ni heringi wangapi wawekwe mezani. Na katika mistari hiyo bibi wa nyumba, ambaye hadithi za mapigano hazimtaji, ana sehemu yake sawa na bwana.

SWALI: Kwa nini Earl wa tisa aliitwa mchawi?

JIBU: Hakuwa mchawi, alikuwa msomaji. Henry Percy, aliyezaliwa mwaka 1564, alikuwa na usikivu hafifu na maktaba kubwa, alipenda majaribio ya kemia, na alimlipa mwanahisabati Thomas Harriot posho ya kudumu ili afanye utafiti wake kwa utulivu. Mnamo Julai 1609, katika nyumba ya Syon, Harriot alielekeza darubini kwenye mwezi na kuuchora, miezi kadhaa kabla ya Galileo wa Italia. Harriot hakuchapisha mchoro huo, na sifa zikaenda Italia.

Mwenye nyumba hakuwepo kuutazama mwezi huo, kwa kuwa alikuwa mfungwa. Tarehe 4 Novemba 1605, Thomas Percy, jamaa yake aliyemkusanyia kodi za mashamba ya kaskazini, alikula naye chakula hapo Syon. Usiku huohuo Guy Fawkes alikamatwa chini ya Bunge akiwa na mapipa ya baruti, na Thomas Percy alikuwa mmoja wa viongozi wa njama hiyo. Haikuthibitishwa kamwe kwamba Earl aliijua, lakini mlo ule mmoja ulimgharimu faini ya pauni 30,000 na kifungo katika Mnara wa London hadi mwaka 1621. Humo alikodi vyumba vizuri, akahamishia vitabu na vyombo vyake vya kukenekea, na wasomi wakaenda kumtembelea. Watu walioona moshi wa majaribio yake wakampa lile jina unaloliulizia.

SWALI: Nimesikia kwamba taasisi ya Smithsonian ya Marekani ina uhusiano na ukoo huu. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, na habari hii inakamilisha ile ya swali la kwanza. Hugh Smithson, yule aliyelipata jina la Percy kupitia mkewe, alizaa mtoto nje ya ndoa na mjane mmoja, Elizabeth Macie, ambaye naye alikuwa na undugu na mke wa Duke. Mtoto alizaliwa Paris mnamo 1765 na kulelewa kwa jina la Macie. Alikuwa mwanakemia hodari, lakini cheo, ngome na jina la Percy havikuwa vyake, na baba hakumtambua hadharani. Mama yake alipofariki mwaka 1800, alichukua jina ambalo baba yake alikuwa amelitupa, akawa James Smithson.

Katika wosia wake wa mwaka 1826 alimwachia mpwa wake mali yote, na akaandika kwamba mpwa huyo akifa bila watoto, mali iende Marekani, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, ili kuanzisha huko Washington taasisi ya kukuza na kueneza maarifa, itakayoitwa kwa jina lake. Mpwa alifariki mwaka 1835 bila mrithi. Mwaka 1838 dhahabu ilivushwa bahari ikiwa sarafu 104,960, ikayeyushwa na kutoa zaidi ya dola 508,000, na mwaka 1846 taasisi ikaundwa kwa sheria. Smithson mwenyewe alikuwa amefariki na kuzikwa Genoa mwaka 1829. Alexander Graham Bell aliyasafirisha mabaki yake hadi Washington mwaka 1904, na kaburi limo ndani ya jengo la taasisi hiyo. Northumberland House, kasri la baba yake mjini London, lilikuwa limebomolewa mwaka 1874 ili kupitisha barabara.